Viti Vipya Katika Datsun 240Z: Kagua Kwanza Sakafu na Mikanda

Swali: Mimi ni mkazi wa Mikindani, mkoani Mtwara. Marehemu baba mkubwa alituachia Datsun 240Z ya mwaka 1972, ambayo ilikaa miaka mingi chini ya turubai. Injini sasa inawaka vizuri, lakini viti vimechanika na sponji yake imekuwa unga. Nimenunua Dar es Salaam viti viwili vya mtumba vya resi, vyenye gamba gumu na visivyolala nyuma. Fundi wangu wa kuchomelea anasema atazikata braketi za zamani, atachomelea flati ba mbili (vipande virefu vya chuma bapa) sakafuni kila upande, na kazi itakwisha kwa siku moja. Gari nataka kulitumia kwa safari za kawaida za Lindi na Masasi, nikiwa na mke wangu. Je, fundi, nimruhusu aanze?

Jibu: Ndugu yangu wa Mikindani, nakuomba usimruhusu akate wala kuchomelea kitu chochote kwa sasa. Simsemi fundi wako kwa ubaya. Kwa mtu anayetengeneza mageti na matela kila siku, flati ba na moto wa welding ndilo jawabu linalokuja kwanza, na kwa geti ni jawabu sahihi. Kiti cha gari, hata hivyo, kinategemea mambo mawili ambayo hukuyataja katika swali lako, yaani hali ya sakafu na namna mkanda utakavyomkaa mtu akiwa ndani ya kiti hicho. Na mpaka hayo mawili yajulikane, hakuna fundi anayeweza kukuambia kwa uhakika ni kiti gani kinakufaa. Kwa viti ulivyokwisha kununua nina wasiwasi mkubwa, nami nitaeleza sababu zake nikifika kwenye mikanda.

Gari mlilorithi linastahili uangalifu huo. Datsun 240Z ilianza kuuzwa na Nissan mwishoni mwa mwaka 1969, na katika ukanda wetu huu ilijipatia heshima mapema: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews wakashinda nayo tena mwaka 1973. Ushindi wa namna ile, katika barabara za vumbi na matope, haukutokana na injini ya silinda sita peke yake. Gari hili halina chasisi ya kujitegemea kama Land Rover. Sakafu, mgongo wa katikati unaofunika giaboksi na propela shafti, vizingiti vya milango na mihimili miembamba iliyochomelewa chini ya sakafu, vyote vimeunganishwa vikawa mwili mmoja, na kila kipande kinabeba sehemu yake ya mzigo. Ukilidhoofisha bati la sakafu, umeidhoofisha bodi nzima, na braketi za kiti za kiwandani zimewekwa pale zilipo kwa kuzingatia jambo hilo.

Hebu tuangalie nguvu zenyewe. Mtu wa kilo 80, gari lake likisimama ghafla katika ajali kwa kiwango cha mara 20 ya nguvu ya uvutano wa dunia, husukumwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 1,600. Gari likigonga kwa mbele, sehemu kubwa ya nguvu hiyo hubebwa na mkanda, na mkanda huipeleka kwenye bodi. Likigongwa kwa nyuma mambo hugeuka: mkanda hausaidii sana, na mtu huegemea kwa uzito wote huo kwenye mgongo wa kiti, kiti huegemea reli zake, reli huegemea bolti, na bolti huegemea bati la sakafu ambalo unene wake ni takriban milimita moja tu. Wewe utakuwa unapita njia ya Mingoyo pamoja na malori ya saruji na, msimu ukifika, malori ya korosho. Gari lako ni fupi, jepesi na liko chini, kwa hiyo kugongwa kwa nyuma si jambo la kulifikiria juu juu.

Kwa sababu hiyo kazi inaanzia sakafuni, na kwa mtu wa pwani yetu hapa ndipo penye shida kubwa kuliko mahali pengine popote. Hewa ya bahari hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu ukinaswa kati ya kapeti na bati haukauki hata jua liwe kali namna gani. Gari lililofunikwa turubai karibu na ghuba ya Mikindani limeishi ndani ya hali hiyo mchana na usiku. Ongeza mvua zetu za kuanzia Desemba hadi Aprili, ambazo hupenya kwenye mpira wa kioo cha mbele na mipira ya milango iliyokakamaa, kisha maji hayo hushuka mpaka miguuni mwa dereva na abiria na kutulia chini ya viti.

Toa viti vyote viwili, toa kapeti, kisha bandua lile tabaka la lami lililopakwa kiwandani kupunguza kelele. Wengi huliacha kwa sababu linaonekana zima, na huko ndiko kutu hujificha. Tumia patasi butu na uvumilivu. Usitumie moto, kwa sababu lami hushika moto na moshi wake una madhara. Baada ya hapo chukua bisibisi yenye ncha na uigonge sakafu kwa mpini wake, kipande kwa kipande, ukianzia kwenye pembe za mbele karibu na pedeli, ukapita chini ya kila braketi ya kiti, mpaka kwenye vizibo vya mpira vilivyoziba matundu ya sakafu. Bati zima hutoa sauti kali inayolia. Bati lililoliwa hutoa sauti iliyofifia, na ukiisukuma ncha ya bisibisi utasikia mchakacho mdogo, kisha itazama, na itakapotoka itatoka na magamba ya kahawia yanayovunjika vidoleni. Niliwahi kufungua gari la pwani ambalo sakafu yake kwa juu ilikuwa imepakwa rangi nyeusi safi kabisa. Chini ya rangi kulikuwa na puti, yaani ule udongo wa kuzibia na kusawazisha bodi, chini ya puti kitambaa cha faibaglasi, na chini ya faibaglasi hapakuwa na kitu. Bolti mbili za kiti cha dereva zilikuwa zimeshikiliwa na gundi.

Ukikuta hali ya namna hiyo, dawa yake ni moja. Bati lililoliwa likatwe mpaka kwenye chuma kizima chenye kung'aa, kisha kichomelewe kipande kipya cha bati la unene uleule, kwa mashine ya waya na gesi, kwa nukta fupi fupi zinazopishana mahali ili joto lisilipinde bati. Puti isiguse sehemu yoyote inayobeba kiti au mkanda. Betri iondolewe kabisa kabla ya kuchomelea, na mtu mwingine asimame na ndoo ya mchanga au mtungi wa kuzimia moto, kwa sababu mabomba ya mafuta na ya breki hupita chini ya gari, na tangi liko nyuma hapo hapo. Ikiwa fundi wako ana mashine ya vijiti tu, mwombe aifanye kazi hii mwenzake mwenye mashine ya waya. Kijiti kwenye bati jembamba hutoboa zaidi kuliko kinavyounganisha.

Sasa niseme ni kwa nini flati ba zilizochomelewa moja kwa moja sakafuni hazifai, hata kama sakafu ni nzima. Chuma cha milimita tano kikichomelewa juu ya bati la milimita moja, moto unaotosha kukiyeyusha kile kinene huwa umekwisha kuliunguza lile jembamba, na pembeni mwa mstari wa welding bati hubaki gumu na lenye kukatika. Mtikisiko wa barabara hufanya yaliyobaki. Ufa huanza pembeni mwa welding, wala hauonekani kwa sababu umefunikwa na kapeti. Tena kati ya flati ba na sakafu hubaki nafasi nyembamba isiyofikiwa na rangi, ambamo maji ya chumvi huingia na kukaa. Kwa gari la Dodoma ubaya huo ungechukua muda mrefu kujitokeza, lakini kwa gari la Mikindani siupi muda.

Njia iliyo salama ni kupitisha bolti sakafuni na kuweka sahani ya chuma kwa chini, ili nguvu isambae kwenye eneo pana. Bolti yenye washa ndogo peke yake, ikivutwa kwa nguvu, hung'oka na kipande cha bati kama kifungo kinavyong'oka na kipande cha shati. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, FIA, zinatoa vipimo ambavyo napenda kuvifuata hata kwa gari lisiloshindana: kiti kishikwe kwa nukta zisizopungua nne, mbili mbele na mbili nyuma, bolti zisipungue kipenyo cha milimita 8, braketi na sahani za chuma zisipungue unene wa milimita 3, au milimita 5 zikiwa za aluminiamu, na eneo la mgusano kati ya braketi, sakafu na sahani lisipungue sentimita za mraba 40 kwa kila nukta. Sahani ya sentimita 8 kwa 5 inatimiza kipimo hicho. Pembe zake ziviringishwe kwa grinda na kingo zilainishwe, la sivyo zenyewe ndizo zitakazolikata bati siku ya mkiki.

Braketi za kiwandani zikiwa nzima, usizikate. Tengeneza fremu ya kati, ya engo au skwea paipu, inayofungwa kwa bolti kwenye matundu yale yale ya zamani kwa chini, na kwa juu ikapokea reli za kiti kipya. Kazi yote ya kuchomelea hufanyika mezani, nje ya gari, mahali ambapo fundi wako ni hodari kuliko mimi, na siku mkitaka kurudisha viti vya asili mtafungua bolti nne tu. Katika gari la namna hii jambo hilo lina thamani ya fedha pia, kwa kuwa wanunuzi wa magari ya zamani hutazama kwanza kama bodi imekatwa. Hasara ya fremu ni kwamba inaongeza kimo, na paa la 240Z liko chini, kwa hiyo kila milimita ihesabiwe. Usijaribu kuongeza au kusawazisha kimo kwa vipande vya mbao. Najua gari za MGB za Uingereza zilitoka kiwandani na vipande vya mbao chini ya reli za viti, lakini huo ulikuwa mpango uliopimwa kwa sakafu ile. Kipande cha mninga kilichochongwa gereji hunywea na kuvimba kufuata majira, na bolti hulegea bila mtu kugundua.

Kuhusu bolti zenyewe nitasema kwa kifupi lakini kwa mkazo. Nunua zenye namba 8.8 iliyogongwa kichwani. Namba ya kwanza inaeleza kwamba chuma hicho hukatika kwa mvuto wa takriban megapaskali 800, na ya pili kwamba huanza kunyooka kikifika sehemu nane za kumi za mvuto huo. Bolti nyingi zinazouzwa kwa kilo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hazina namba yoyote, nazo ni za kufungia mabati ya paa, si viti. Usivutwe pia na bolti za chuma cha pua kwa sababu ya kutu. Zile za kawaida huanza kunyooka mapema kuliko 8.8, na katika hewa ya chumvi, zikigusana na bati la kawaida, bati ndilo linaloliwa. Tumia 8.8 zilizopakwa zinki, weka nati zenye pete ya nailoni, na ukaze kwa spana ya kupimia: takriban Newton-mita 25 kwa bolti ya milimita 8 na takriban 50 kwa ile ya milimita 10.

Nakuja sasa kwenye mikanda, ambako ndiko viti vyako vinaponitia wasiwasi. Sheria yetu ya usalama barabarani inamtaka dereva na abiria wa mbele kufunga mkanda, na katika gari lenu viti vyote ni vya mbele. Kama mikanda iliyomo ni ya mwaka 1972, iondoe hata kama inaonekana nzima, kwa sababu kitambaa chake kimedhoofishwa na jua na unyevu kwa zaidi ya nusu karne. Weka mipya ya nukta tatu, yaani ile ya kawaida inayopita begani na kiunoni, yenye alama ya herufi E ndani ya duara kwenye lebo yake, na uifunge kwenye nukta zilezile za kiwandani. Angalizo moja: nukta za mikanda katika magari mengi hutumia bolti ya inchi 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi. Bolti ya milimita 12 ikilazimishwa pale huharibu nyuzi za nati iliyochomelewa ndani ya bodi, na kuitengeneza tena ni kazi ngumu.

Mkanda wa kiunoni hufanya kazi yake pale tu unapolala chini, juu ya mifupa ya nyonga, ukiwa umegusa mwili pande zote mbili. Mifupa hiyo ina uwezo wa kustahimili mvuto mkubwa, tumbo halina. Viti vya gamba la resi vina mbavu zilizonyanyuka pembeni mwa mapaja, na vilibuniwa kwa mikanda ya mashindano ambayo hupenya kwenye matundu ya ubavuni na kushuka moja kwa moja hadi nyongani. Ukivitumia na mkanda wa kawaida wa nukta tatu, mkanda hupita juu ya mbavu hizo kama daraja, ukaning'inia mbali na nyonga, na kugusa mwili pale penye tumbo. Gari likigonga, mtu huteleza mbele kwanza mpaka mkanda ukaze, na unapokaza unakuwa tayari umepanda juu ya mifupa. Madhara yake ni utumbo, wengu au ini kupasuka, na huduma za kutibu majeraha ya namna hiyo hazipo kila kilomita kumi kati ya Lindi na Masasi. Wako wanaoupitisha mkanda wa kawaida kwenye tundu la ubavuni. Hapo kifungio huegemea ukingo wa gamba, na kifungio kinachoegemea ukingo kinaweza kufunguka au kukataa kufunguka.

Huenda mtu atakushauri uweke basi mikanda ya mashindano ya ncha nne. Kwa safari zako nakushauri usifanye hivyo. Mikanda ya mabegani inatakiwa iende nyuma ikiwa karibu kulala sawa na ardhi, isishuke zaidi ya nyuzi 45, na kwa hilo pahitajika mhimili imara nyuma ya mabega, ambao gari lako halina. Ikifungwa sakafuni nyuma ya kiti, katika ajali huvuta mabega kuelekea chini na kuukandamiza uti wa mgongo. Mikanda ya ncha nne isiyo na kipande cha katikati ya mapaja huvuta pia ule wa kiunoni ukapanda tumboni, yaani inarudisha tatizo lile lile tulilotaka kulikimbia. Na kwa kuwa haina kikunjio cha kuuachia na kuurudisha mkanda, dereva aliyeifunga inavyotakiwa hawezi kuinama kutazama njia panda, kwa hiyo baada ya muda huilegeza, na mkanda uliolegea haumzuii mtu.

Hivyo ushauri wangu juu ya viti ulivyonunua ni kwamba uviuze, au uviweke kwa ajili ya gari la mashindano endapo siku moja utalijenga. Fikiria pia kwamba mkeo atapanda na kushuka kwenye gari la chini namna hii akiwa na gauni refu au khanga, na kila mara atalazimika kuuvuka ubavu mgumu wa gamba. Jambo hilo peke yake lingetosha kumfanya aache kufuatana nawe. Kama unapenda kiti kinachoshika mwili, tafuta aina inayolala nyuma, yenye fremu ya chuma ndani, mbavu za chini za sponji laini, na kiegemeo cha kichwa kinachofika angalau usawa wa juu ya masikio. Recaro na watengenezaji wengine wana viti vya namna hiyo, na vingi hufika Kariakoo na Ilala vikiwa vimetolewa kwenye magari ya Kijapani.

Katika mtumba huo kuwa macho kwa mambo matatu. La kwanza ni la hatari ya moja kwa moja: viti vilivyotoka kwenye magari ya miaka ya karibuni vinaweza kuwa na mfuko wa hewa ubavuni, na vifungio vyao vya mkanda vinaweza kuwa na kifaa chenye baruti cha kuuvuta mkanda wakati wa ajali. Dalili yake kwa kawaida ni waya au kiunganishi cha rangi ya njano chini ya kiti. Kiti cha namna hiyo usikikate, usikipashe moto, usichomelee karibu nacho, wala usizipime waya zake kwa mita ya umeme, kwa maana hata mkondo mdogo wa mita unaweza kukilipua. Kiache dukani. La pili ni kwamba kiti kingine kimetoka kwenye gari lililogongwa. Kigeuze, uvute kitambaa kwa nyuma, utazame kama fremu imepinda, kama kuna welding isiyo ya kiwandani, au kama reli moja imetangulia nyenzake. La tatu ni bidhaa bandia. Gamba la kweli la mashindano lina lebo ya FIA yenye namba ya kiwango na mwaka wa kutengenezwa, na chini ya kiwango cha 8855-1999 kiti huhesabiwa kuwa na uhai wa miaka mitano tu. Gamba bandia mara nyingi ni faibaglasi nyembamba ambayo ukiibana mabegani kwa mikono miwili inanesa.

Kabla ya kununua, pima gari lako, kwa sababu 240Z ni nyembamba kuliko inavyoonekana. Pima nafasi kati ya mgongo wa katikati na kizingiti cha mlango, usawa wa sakafu na tena usawa wa nyonga, kisha ufunge mlango na upime usawa wa mabega. Kata boksi gumu kwa vipimo vya kiti unachokitaka, uliweke ndani, na ujaribu kuvuta breki ya mkono na kufunga mlango. Halafu kaa juu ya sponji ya unene uleule. Klachi ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho, goti libaki limekunjwa kidogo. Mgongo ukiwa umeegemea kabisa, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila bega kung'oka kwenye kiti. Na kati ya kichwa na paa ipite ngumi, kwa sababu njia za mchanga za kuelekea Msimbati zitakurusha juu zaidi ya lami ya Lindi. Ncha ya mbele ya kiti iwe juu kidogo kuliko ya nyuma, ili mwili usiteleze chini ya mkanda. Fundi akishafunga reli, sukuma kiti mbele na nyuma: zote mbili za kiti kimoja zinatakiwa zijifunge kwa wakati mmoja, na ikiwa moja inajifunga na nyingine inasita, hazikukaa sambamba na lazima fremu irekebishwe kabla gari halijatoka uani.

Baada ya hayo yote nitakuambia ambalo ningelifanya mimi kama gari lingekuwa langu. Ningevifufua viti vya asili. Vina mgongo mrefu unaofika kichwani, vinaingia kwenye braketi zake bila kukatwa kitu, na mkanda wa nukta tatu unavikaa. Fremu ipigwe brashi ya waya, ikaguliwe nyufa, kisha ipakwe praima na rangi. Mikanda ya chini inayobeba sponji ibadilishwe. Na sponji mpya iwe ile ngumu ya viti vya gari, si ya godoro, ambayo hulala baada ya miezi michache na kumshusha dereva asione boneti. Mtwara mjini wapo mafundi viti wanaoshona kazi nzuri ukiwapa kitambaa cha zamani kama kielelezo. Kwa joto letu ningechagua kitambaa kinachopitisha hewa katikati na leza pembeni tu, kwa sababu leza tupu mchana wa Januari hushika mgongo na jasho halikauki. Gharama yake, ukitoa utakachopata kwa kuuza viti vya resi, haiwezi kuzidi sana ile ya fremu, reli na kazi ya kuchomelea.

Njia yoyote utakayochagua, malizia kazi kwa kinga ya kutu. Kila tundu lililotobolewa lipakwe praima kwenye ukingo wake kabla bolti haijapita, sahani za chini zipakwe pande zote mbili, na gundi ya bodi iwekwe kati ya sahani na sakafu ili maji yasipate mlango. Kapeti lisigundishwe, liwekwe la kuinuliwa, ili mvua zikiisha uweze kulitoa, kulianika na kutazama chini. Bolti zikazwe upya kwa spana ya kupimia baada ya safari ya kwanza ndefu, kwa kuwa rangi na gundi hukaa na kuacha ulegevu mdogo.

Mlipe fundi wako kwa hatua, kwanza kufungua na kukagua, kisha sakafu, kisha viti, asije akalazimika kuharakisha ili apate fedha yake. Ukimaliza hatua ya kwanza niandikie unieleze bisibisi ilizama wapi na wapi, unene wa bati uliobaki pembeni mwa kila braketi, umbali kati ya matundu manne ya kila kiti kutoka kati hadi kati, na kimo kutoka juu ya braketi hadi kwenye paa. Kwa vipimo hivyo nitaweza kukuchorea fremu kama bado unataka viti vingine, au kukuambia kama braketi za asili ziko salama kubeba viti vya baba mkubwa.